Kiraka cha Kiwiko cha Kushoto

Niseme mapema: koti la turubai walilovaa wapanda pikipiki wa Nachingwea nililibuni mimi. Si yule fundi cherehani wa Nkowe ambaye watu wanamtaja mpaka leo. Ni mimi, mwenye diploma ya ufundi wa mitambo, mtu wa kwanza upande wetu kurudi nyumbani na karatasi ya namna hiyo. Karatasi yenyewe ipo ukutani, ndani ya kioo. Anayebisha na aje aisome.

Sikuzaliwa na kitu. Mradi wa karanga ulipoanza kung'oa misitu ya Nachingwea, mwishoni mwa miaka ya arobaini, baba yangu alikuwa ameshafariki, na mama alikuwa akilima muhogo peke yake Nkowe. Nilitembea siku mbili na mfuko wa ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini, begani, nikaandikwa kazi ya kuosha vyuma vya matrekta kwa mafuta ya taa. Wenzangu waliosha, wakapokea posho, wakaenda zao. Mimi niliosha huku nikisoma namba zilizopigwa kwenye kila chuma, na kila jioni nilimuuliza fundi mmoja chuma hiki kinakaa wapi na kinafanya kazi gani. Mradi ulipofifia, watu wakarudi kwenye majembe yao wakilalamika. Mimi nilipanda meli kwenda Dar es Salaam, nikavuka mpaka wa kaskazini, nikaingia chuo cha ufundi. Hakuna chifu aliyeniandikia barua wala mfadhili aliyenishika mkono. Nilijisomesha kwa kufua na kupiga pasi nguo za wanafunzi wenzangu, na katika mtihani wa mwisho waliokuwa wakinipa mashati yao nifue walikuwa nyuma yangu.

Nilirudi katikati ya miaka ya hamsini. Ofisi moja ya Nachingwea, iliyokuwa ikishughulika na mbegu na mazao, ilinipa kazi ya kutunza pikipiki zake tano. Pikipiki hizo zilipeleka barua na sampuli za mbegu Mnero, Mkotokuyana, Ruangwa mpaka Nkowe. Kazi yangu ilikuwa kuzitengeneza, lakini mpandaji akiugua nilipanda mimi, na wapandaji waliugua sana.

Sababu ilikuwa mavazi. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu liliingia machoni, masikioni na katikati ya meno. Wakati wa masika kila mmoja alivaa koti kuukuu la askari, lile zito la sufu ya kondoo lililobaki kutoka vitani. Likilowa linakuwa kama umebeba gunia la mpunga mgongoni. Maji yaliingia kifuani kwenye vifungo, yakashuka mpaka kiunoni, na mtu alifika Ruangwa anatetemeka kama mwenye homa, kisha kesho yake anakuwa na homa kweli. Wenzangu walisema ndiyo kazi ilivyo. Mimi sikusomea kusema ndiyo kazi ilivyo.

Nilianza na koti. Nilichukua la askari, nikakata mikono iliyooza, nikaliweka ndani, na juu yake nikafunika turubai jembamba lililokuwa likifunika mbegu. Vifungo vya mbele nikaviondoa kabisa. Nikafanya kipande cha kifua kipite chote kutoka kulia kwenda kushoto na kufungwa juu ya bega la kushoto na ubavuni, kwa hiyo upepo ukija mbele haukuti tundu. Kwapani niliacha yale matundu ya pete za shaba ya turubai lenyewe, ili jasho lipate njia. Ndani ya mikono ya turubai nilishonea shingo za soksi kuukuu zikabana vifundo vya mikono. Magotini nilifungia vipande vya tyubu ya trekta. Kisha nikapika nta ya nyuki pamoja na mafuta ya nyonyo, nikalipaka koti lote juani mpaka likanywa. Ukimwagia maji yanateleza kama kwenye jani la mgomba.

Kofia nayo ilinisumbua. Ile ya jua inayovaliwa na wakubwa hupeperushwa na upepo kabla hujafika daraja la kwanza. Nikachukua bakuli la bati, lile kubwa jeupe lenye ukingo wa bluu, nikatoboa matundu mawili pembeni, nikapitisha ukanda wa ngozi wa kufungia kidevuni, na ndani nikatia mto wa sufi, hii ya mti. Jiwe lilinipiga kichwani karibu na Mkotokuyana, likatoka na rangi ya bati tu. Ningevaa ile ya jua, leo nisingekuwa naandika.

Siku ya kwanza kuingia sokoni Ruangwa na bakuli lile kichwani, sauti ilipaa kutoka kwenye baraza la duka:

"Jamani, tandikeni mkeka! Bakuli limefika. Mchuzi uko wapi?"

Ndiye huyo fundi cherehani. Siku za soko alikaa pale na cherehani yake ya miguu, siku nyingine alishonea nyumbani kwake Nkowe. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu enzi za mababu. Tulikua pamoja, tukachunga mbuzi pamoja, na tangu tupate akili hatukuwahi kusalimiana bila kutukanana.

"Mchuzi ungekuwepo," nilimjibu, "ila jamaa zako wote wamekufa kwa uroho, nani angebaki kuula?"

Watu wakacheka. Akaja akaligusa koti, akalipindua, akachungulia kwapani.

"Hii mishono umeshona na nini, mtani, na meno?"

"Na sindano."

"Lete. Mtu mwenye diploma asitembee kama ndege aliyenyonyolewa."

Alipitisha mishono mirefu kwa cherehani, alasiri moja tu. Siukatai ukweli huo. Cherehani ilikuwa yake, uzi ulikuwa wake. Akili ilikuwa yangu.

Sufi iliyojaa viwikoni ilikuwa ya mama. Nilimwambia nataka kitu laini cha kuzuia mfupa nikianguka, akaenda kuokota matunda ya msufi nyuma ya nyumba, akakaa kibarazani siku nne akitoa mbegu moja moja kwa vidole. Nilimwambia mbegu zikibaki hazidhuru. Akasema, "Zinakudhuru wewe usingizini ukiligeuza koti kuwa mto. Nakujua."

Halafu nilianguka kweli, kwenye daraja la magogo upande wa Mnero. Gogo lilikuwa limeoza, pikipiki ikalala kushoto, na mimi nikaburuzwa kama hatua kumi. Kiwiko cha kushoto cha koti kilichanika, sufi ikatoka nje kama utumbo. Mkono wangu haukupata hata mchubuko. Nilikwenda Nkowe kumwonyesha mama, nikiwa na furaha ya mtu ambaye hesabu yake imetoka sawasawa. Yeye hakuona hesabu. Alishika ule mkono wangu mzima, akaupapasa toka bega mpaka vidole, kisha akatoa shazia yake ya kushonea magunia na uzi wa katani.

Fundi alikuwepo, amekuja kula. Akasema, "Mama, niachie mimi. Kwenye cherehani ni dakika moja."

Mama akasema, "Cherehani yako inakimbia kama mbuzi aliyekata kamba. Haijui kuna mkono wa mtu ndani."

Akashona mwenyewe. Kipande cha turubai alichopata hakikuwa cha mraba, kilikuwa na pembe tano, moja ndefu kuliko nyingine. Alikizungushia mshono mmoja, akautazama, hakuuamini, akazungusha wa pili nje yake. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia, mshono ukaenda upande kidogo. Nilitaka kumwambia aufumue aunyooshe. Nashukuru sikusema.

Habari za koti zilimfikia bwana mkubwa wa ofisi, Mzungu mmoja mrefu asiyependa maneno mengi. Alituita wote kwenye gereji. Alisema wapandaji wa vituo vyote vya kusini watapewa koti na kofia za kazi. Anayeona ana koti linaloshinda mvua alilete Jumatatu ya wiki inayofuata, yeye mwenyewe atalimwagia maji. Koti litakaloshinda, mtu wake atapewa kibanda cha kushonea, mafundi chini yake, na cheo cha msimamizi wa mavazi. Alinitazama mimi aliposema hivyo. Kila mtu alinitazama mimi. Usoni sikuonyesha kitu, lakini kichwani nilikuwa nimeshakipaka kibanda rangi.

Jumatano kabla ya Jumatatu hiyo, mpandaji aliyetoka Nkowe alishuka kwenye pikipiki akavua kofia kabla ya kusema. Mama alikuwa amefariki alfajiri.

Nilipanda kama nilivyokuwa, na koti langu na bakuli langu. Nilifika wakati kaburi limeshachimbwa. Waliochimba walikuwa watani, kama ilivyo desturi. Wao ndio huchimba, wao ndio hupika, na wao ndio huwachekesha wafiwa ili wasizame. Tulimzika mama baada ya adhuhuri. Nilivua koti nikalitundika kwenye nguzo ya baraza, bakuli nikaliweka chini yake, nikakaa na wanaume mkekani.

Msomaji wa kwetu anajua kilichofuata. Watani wakaanza kuchukua vitu. Mmoja alibeba mchi na kinu, akasema marehemu alimwahidi. Mwanamke mmoja alikumbatia jogoo akilia kwa sauti ya uongo, "Mume wangu, twende nyumbani!" Ndugu zangu wakacheka na machozi yao, wakatoa unga kidogo huku, viazi vichache kule, wakavikomboa vitu vyao kimoja kimoja. Ndivyo inavyokwenda. Mtani anachukua, mfiwa anakomboa kwa kitu kidogo, na kitu kinarudi. Asipokomboa, kitu kimekwenda.

Nilisikia mlio wa pikipiki, kumbe ni mdomo wa mtu. Fundi alikuwa amevaa koti langu, bakuli kichwani, amekaa juu ya kinu, anatingisha mabega.

"Pisheni, pisheni! Nina diploma! Ng'ombe, toka barabarani, wewe umesoma wapi?"

Baraza zima likavunjika mbavu. Hata shangazi zangu waliokuwa ndani walitoka kutazama. Mimi sikucheka. Nilikiona kiwiko cha kushoto kikipanda na kushuka, na ule mshono wa mama uliokwenda upande, naye hana hata saa tatu ardhini.

"Vua," nilimwambia.

"Nikomboe, mtani. Koti zuri hili. Linataka kuku."

Mjomba wangu, kaka wa mama, ndiye aliyekuwa mkubwa wa msiba. Kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto. Aliinama sikioni mwangu. "Mwanangu, toa kuku. Yupo pale nyuma ya jiko, mwekundu. Mpe, yaishe."

Ningesema ndiyo, maisha yangu yangekwenda njia nyingine. Lakini nilikuwa na miaka mingi nje, nimekaa na watu wanaozika kimya kimya, na nilikuwa na uchungu ambao haukujua pa kwenda. Nilisimama nikasema kwa sauti ya watu wote:

"Vitu vyangu havikombolewi kwa kuku. Nimevipata kwa kichwa changu. Mambo haya yalikuwa ya watu wasiojua kusoma."

Kicheko kilikatika. Fundi alishuka kwenye kinu taratibu.

"Hukomboi?"

"Sikomboi."

"Mmesikia?" aliwauliza watu. Akacheka tena, lakini kidogo. "Basi langu."

Niliona ni maneno ya utani. Huyu ni mtu niliyelala naye ngozi moja utotoni. Siku ya pili alikuja kama kawaida, akatutukana kama kawaida, akapasua kuni za wapishi. Nilimvuta pembeni. Nilimkumbusha kwamba Jumatatu ndiyo siku ya koti, na mimi siwezi kumwacha mama kabla ya hitima. Nilikuwa nimesikia anakwenda Nachingwea kununua uzi.

"Mwambie bwana mkubwa nimefiwa. Anisubiri mpaka Jumatano. Na koti langu uniletee kabla hujaondoka."

"Koti lipi?" akasema, anatabasamu.

"Acha utani."

"Nitamwambia bwana, mtani. Nitamweleza yote."

Nami nikatabasamu. Nilimpa mkono.

Koti hakulileta. Nilidhani amesahau. Jumatano niliingia gereji Nachingwea nikiwa na nguo za kawaida, nikalikuta koti langu limetundikwa kwenye msumari ofisini kwa bwana mkubwa, chini yake sakafuni alama ya maji yaliyokauka.

"Pole kwa mama," bwana mkubwa alisema kwa Kiswahili chake. "Koti tumepata. Mimi nimemwaga debe mbili, ndani kavu kabisa. Fundi ya Nkowe ni mtu hodari."

Nilimwambia hilo koti ni langu. Nilimwonyesha bega, kwapa, shingo za soksi. Nilimtajia kipimo cha nta na mafuta. Alinisikiliza, kisha akamwita fundi, ambaye kumbe alikuwa nyuma ya jengo akipima mahali pa kuweka cherehani. Alipoingia hakuangalia chini. Mpaka leo hilo ndilo linaloniuma, kwamba hakuangalia chini.

"Koti hii ya nani?" bwana aliuliza.

"Yangu, bwana. Muulize yeye mwenyewe. Nilichukua mbele ya watu au nilificha?"

Bwana akanigeukia.

"Alikataa kulikomboa kwa kuku, hakukataa?" fundi aliongeza.

"Lakini mimi ndiye niliyelibuni!" nilisema. "Nilikutuma useme nimefiwa!"

"Nilisema. Bwana, sikusema?"

"Alisema," bwana mkubwa alikubali. "Kwanza kabisa alisema."

Unaona alivyokuwa mjanja. Hakuna neno moja la uongo alilotamka. Aliwasilisha salamu zangu za msiba akiwa amevaa koti langu. Bwana mkubwa alitutazama mmoja baada ya mwingine, akafunga kalamu yake. "Hii maneno ya nyumbani kwenu. Mimi sijui kuku, sijui nini. Malizeni nyumbani. Koti imeshinda."

Nilikwenda kumaliza nyumbani. Mjomba alikuwa akibangua korosho. Nilimwamkia, akaitikia, hakuinua kichwa mpaka nilipomaliza kueleza.

"Kuku yule mwekundu," alisema, "tulimla siku ya hitima. Alikuwa mgumu. Hakuwa na thamani yoyote."

"Mjomba, huu ni wizi."

"Mwizi anachukua watu wamelala. Huyu aliendesha kinu mbele ya kijiji kizima."

Nilikwenda mbele zaidi, kwa jumbe, nikiwa na diploma yangu ndani ya bahasha. Jumbe alisikiliza mpaka nilipotaja ukoo wa fundi. Akaegemea kiti, akacheka mpaka akakohoa. "Unamshitaki mtani? Kwa kitu alichochukua msibani? Kijana, tangu nikae kiti hiki sijawahi kuandika kesi hiyo, na wewe hutakuwa wa kwanza." Watu waliokuwa wakisubiri zamu nao wakacheka. Sikuitoa ile karatasi kwenye bahasha.

Koti zilianza kutoka mwezi wa tatu baada ya hapo. Fundi alikuwa na kibanda, mafundi wanne, na kofia za bati zilizoagizwa dazeni kwa dazeni kutoka dukani Lindi. Na mimi niliendelea na spana zangu, kwa kuwa pikipiki hazijui utani. Siku koti zilipogawiwa, karani aliniita nami nikasaini langu.

Nilipolivaa nilitafuta kosa. Nilitaka kulikuta. Bega lilikuwa sawa, kwapa sawa, nta imeshika. Kisha niligeuza mkono wa kushoto. Kwenye kiwiko kulikuwa na kiraka. Turubai jipya kabisa, halina hata mkwaruzo, na juu yake kiraka cha pembe tano, moja ndefu kuliko nyingine, na mishono miwili iliyozunguka, wa nje umekwenda upande kidogo. Nikatazama koti la mwenzangu. Nalo. Nikalitazama la tatu. Fundi alikuwa amekata karatasi ya kipimo juu ya koti langu na kuwapa mafundi wake, nao wakafuata kila kitu walichokiona, kwa cherehani, mmoja baada ya mwingine.

"Fundi," mpandaji mmoja aliniuliza, "wewe una diploma. Kwa nini wameweka kiraka mkono mmoja tu?"

Mwenzake akamjibu kabla yangu. "Hujui? Fundi wa Nkowe amechunguza. Anasema mtu wa pikipiki siku zote huangukia kushoto."

"Kweli?"

"Ndiyo utaalamu huo."

Ningeweza kusema. Lakini ningesema nini? Kwamba ni gogo moja la Mnero, na mama mmoja mwenye macho mabovu, na shazia ya magunia? Niliinama nikakaza nati ambayo ilikuwa imeshakazwa.

Kwa miaka miwili niliwaona wakipita, wanakwenda Masasi, wanakwenda Ruangwa, kila mmoja na mshono wa mama yangu kwenye kiwiko. Fundi tulikutana mara nyingi. Alinitukana kwa utani, nami sikumrudishia. Kwa watani hilo ni tusi kubwa kuliko tusi. Mara moja alinishika bega akasema, "Mtani, nitukane basi. Umenuna mpaka lini?" Niliutoa mkono wake.

Sitaficha kitu nilichokuwa nikingoja, ingawa si cha kujivunia. Mama yake alikuwa mzee na mgonjwa. Nilikuwa nimesikia kwamba koti langu lile la kwanza analitunza nyumbani kwake, limetundikwa juu ya cherehani, haruhusu mtu kulivaa. Desturi iliyonipokonya ndiyo ingenirudishia. Msiba ukiingia kwake, mimi ndiye mtani.

Ulipoingia, niliomba ruhusa, nikapanda pikipiki mpaka Nkowe nimevaa koti la ofisi. Nilichimba kaburi na watani wenzangu, kwa bidii, mpaka mikono ikatoa malengelenge. Nilimwona fundi amekaa mkekani, amepungua, macho mekundu. Tulipotoka kuzika nilivua koti la ofisi nikaliacha kwenye pikipiki, nikaingia chumba cha cherehani, nikalikuta. Nilivaa. Lilikuwa limenibana kidogo kifuani. Nilikiminya kiwiko cha kushoto, sufi ilikuwa bado laini. Hakuna mbegu hata moja.

Nilitoka nalo barazani. Watu wakageuka wote, kwa kuwa kisa kilijulikana Nkowe nzima. Nilipanda juu ya kinu.

"Pisheni!" nilisema. "Pisheni! Mimi ni fundi mkuu wa Nachingwea! Naiba hata ugonjwa wa mtu nikiupenda!"

Walicheka, na kicheko chao kilikuwa kikubwa kuliko maneno yangu. Nilimtazama fundi usoni. Nilitaka asimame akatae. Nilitaka aseme vitu vyake havikombolewi, yeye mkubwa sasa, mwenye kibanda na mafundi. Nilikuwa nimeyaandaa maneno ya kuwaambia watu: mmesikia?

Alisimama. Akazunguka nyuma ya nyumba, akarudi na kuku kwapani, mweupe mnene, kamba mguuni.

"Nimemfunga huyu tangu asubuhi," alisema. "Nilijua utakuja, mtani."

Nilimwona mjomba wangu pembeni, anatazama mikono yake.

"Kuku mmoja?" nilisema. Kubishana kunaruhusiwa. "Kwa koti kama hili? Lete ng'ombe."

"Ng'ombe alikufa kwa kukusikia ukijisifu."

"Ongeza."

Aliingia ndani, akatoka na unga wa muhogo umejaa kwenye bakuli. Bakuli jeupe lenye ukingo wa bluu. Kwenye yale matundu mawili niliyoyatoboa unga ulikuwa ukivuja, ukaacha mistari miwili myembamba kutoka mlangoni mpaka miguuni kwangu.

"Nimeongeza na chombo chake," alisema. Kisha akashusha sauti, lakini wa karibu walisikia. "Mtani, siku ile ungenipa hata kiazi."

Mtani akiletewa kitu cha kukombolea hana ruhusa ya kukikataa, awe na diploma, asiwe nayo. Nilifungua kifungo cha bega, kisha vya ubavuni. Nilimpa. Alilipokea kwa mikono miwili, akalikunja, kiwiko cha kushoto akakiweka ndani ili kisikwaruzike, akaingia nalo.

Watu husema tulipatana siku ile. Hawajui. Alichukua koti la mama yangu mara mbili, na mara zote mbili mimi ndiye niliyemkabidhi kwa kanuni zote. Kibanda chake kiliendelea, jina lake likaendelea, na hata waliokuwepo kwenye msiba wa mama yangu leo wanasimulia kwamba fundi wa Nkowe aliota namna ya kulishona.

Unga nilimwachia mke wa mjomba. Kuku nilimfunga nyuma ya pikipiki, bakuli nikalifuta, nikapitisha kamba kwenye matundu, nikalivaa. Mvua ilinikuta kabla ya Mnero, ile kubwa ya masika inayoficha barabara. Nilikuwa nimevaa koti la ofisi, lile nililolisaini. Nilipita daraja la magogo polepole, nikafika Nachingwea jioni, nikafungua bega nikatia mkono kifuani.

Nilikuwa mkavu. Ni koti zuri. Nililibuni mimi.